Prodyuza wa michezo ya jukwaani, ya biashara sio ya ruzuku: mtu asiye na hela anaanzia wapi?

TaaYaKushoto (mleta mada)

Wakuu habari za muda huu. Naombeni mawazo hasa nyie mliokaa kwenye mambo ya jukwaa muda mrefu.

Mi nina miaka saba sasa kama steji meneja, yule jamaa anayekaa gizani na hedseti anasema taa hii iwake, pazia lishuke, fulani ajiandae kuingia. Kazi naipenda. Ila nimefika mahali naona shoo zinakufa kwa maamuzi ambayo mi mwenyewe niliona yanakoelekea toka wiki ya kwanza ya mazoezi, na anayeyafanya ni prodyuza. Nikaanza kujiuliza kwa nini nisiwe mimi.

Nazungumzia biashara kabisa, sio kikundi kinachoishi kwa wafadhili. Shoo inasimama kwa tiketi, inarudisha hela za watu, ikibaki ni faida.

Sasa maswali. Prodyuza lazima awe na hela zake? Kila ninayemwambia anacheka, anasema na mfuko wako huo? Halafu huyu mtu analipwaje hasa, maana nimewaona waliosimamisha shoo tatu nne na bado wanakopa nauli. Kusoma kuna haja? Na la mwisho, rafiki yangu kaandika mchezo mkali sana, tumekubaliana kwa mdomo nitausimamisha mimi, na kuna mzee mmoja mwenye uwezo kaniambia "ukiwa tayari njoo". Naona kama nusu ya safari nishaimaliza, au najidanganya?

KitiChaNyuma

Unajidanganya mkuu. Nimekaa pale nasubiri wajuzi.

MezaYaHesabu

Karibu mdogo wangu. Mi nilianzia dirisha la tiketi, nikavutwa ofisini, sasa hivi ni meneja mkuu wa shoo, yaani yule anayetengeneza bajeti, anakaa na mikataba ya kila mtu na kusaini malipo ya kila wiki. Prodyuza mwenyewe sijawahi kuwa na sitaki, usingizi naupenda. Ila nimekaa nao karibu kiasi kwamba hela ikianza kukata najua kwa jinsi wanavyopokea simu.

Kuhusu hela za mfukoni: wanaotoa mtaji ni wawekezaji. Prodyuza anachokuja nacho ni haki ya kuuonyesha ule mchezo, na jina lake kwamba akisema kitu anakifanya. Mfano mzuri ni Philip Rose. Alikuwa mtu wa biashara ya muziki, Broadway, yaani zile kumbi kubwa za biashara za New York, hajawahi kupeleka mchezo hata mmoja. Akausikia A Raisin in the Sun wa Lorraine Hansberry, akachukua haki, halafu akazunguka zaidi ya mwaka anakusanya kwa watu wenye vihela vidogo vidogo maana wakubwa hawakuamini kuna atakayenunua tiketi kuangalia familia ya watu weusi sebuleni kwao. Ukumbi Broadway hakupata, akaupeleka kwanza miji ya New Haven na Philadelphia, ulipojaza huko ndo mlango ukafunguka. Tarehe 11 Machi 1959 ukazinduliwa Ethel Barrymore Theatre na ukafika maonyesho 530. Hiyo ndo kazi yenyewe, mwaka mzima wa kuambiwa hapana na watu wenye adabu.

Na hedseti isikutie unyonge. Cameron Mackintosh, huyu wa Cats na Les Misérables, alianza kwa kubeba vitu nyuma ya jukwaa pale ukumbi wa Drury Lane London, na shoo yake ya kwanza kama prodyuza, Anything Goes ya 1969, ilidondoka haraka sana. Sonia Friedman, prodyuza mkubwa wa London, naye katokea usteji meneja. Hal Prince ndo kabisa, 1954 keshakuwa prodyuza wa The Pajama Game na mwenzake Robert Griffith na bado usiku walikuwa wanaiendesha wenyewe nyuma ya pazia ili mishahara miwili isitoke.

Malipo. Hapa ndo wengi wanapotea. Kuna ada ndogo ya ofisi ya kila wiki, kuna asilimia chache ya mauzo ya tiketi, halafu kuna faida. Faida hiyo huigusi mpaka wawekezaji wamerudishiwa mtaji wao wote, baada ya hapo ndo kwa mtindo wa Broadway mnagawana, kwa kawaida nusu kwa nusu, wao upande wao na wewe upande wako, na humohumo kwenye nusu yako unawamegea maprodyuza wenza waliokusaidia kuchangisha. Na kule inasemwa shoo moja tu kati ya tano hivi ndo inarudisha mtaji. Miaka yote ya kabla ya mazoezi, ya kusoma miswada na kunywa chai na watu, hakuna anayekulipa. Jeffrey Seller, prodyuza wa Rent, alimuona mtunzi wake Jonathan Larson 1990 kwenye kashoo kake kadogo akamwandikia barua, Rent ikafika Broadway 1996. Miaka sita, na yeye muda huo alikuwa na kazi yake ya kuuza shoo za wengine mikoani. Kwahiyo hao wanaokopa nauli usiwashangae.

Sasa kuna kitu hujauliza ambacho ndo kinaua, nacho ni gharama ya wiki. Kila mgeni anakuja na bajeti ya kusimamisha shoo, seti, mavazi, mazoezi, matangazo, na amepiga hesabu vizuri kabisa, ukimuuliza wiki moja ya kuiendesha ni kiasi gani anaangalia dari. Chukua namba za kuchezea tu. Kuisimamisha ni 1,000. Kila wiki, maonyesho manane, mishahara na ukumbi na umeme na matangazo ni 80 ujaze usijaze. Ukumbi ukijaa wiki nzima unaingiza 140. Mwandishi, mwongozaji na wenzao wanachukua asilimia 10 ya mauzo kabla hujagusa kitu.

Ukijaza kila siku: 140 toa 14 toa 80 inabaki 46, mtaji unarudi ndani ya wiki 22. Raha. Ukijaza asilimia 70, ambayo mtu akiingia anaona ukumbi umechangamka kabisa: mauzo 98, toa 9.8, toa 80, inabaki 8.2. Gawanya 1,000 kwa hiyo. Wiki 122! Miaka miwili na zaidi, usiumwe, mvua isinyeshe, nyota wako asipate kazi ya filamu. Ukishuka asilimia 60 unapoteza kila wiki huku watu wanapiga makofi.

Nenda kaangalie Spider-Man ile ya muziki ya Broadway. Watu wanakumbuka dola milioni 75 za kuisimamisha na waigizaji walioanguka kutoka hewani, ila ilikuwa inakula zaidi ya dola milioni 1 kwa wiki kuiendesha. Ilianza maonyesho ya majaribio Novemba 2010, ikazinduliwa rasmi Juni 2011, ikafungwa Januari 2014. Kuna wiki iliingiza hela ambayo shoo nyingine zingeilalia njaa na bado mtaji haukurudi.

Kusoma sio vibaya. New York kuna Commercial Theater Institute wanafundisha haya haya, Uingereza kuna Stage One wanasaidia maprodyuza wapya, chuo kikuu cha Columbia kuna shahada kabisa. Lakini kabla ya yote mwaka mmoja kwenye ofisi ya mtu kama mimi, unapiga fotokopi za mikataba na unaisoma.

KitiChaNyuma

Wiki 122 🙌 nimeirudia hiyo hesabu mara mbili, mi huwa nikiona ukumbi umechangamka najua prodyuza kesho ananunua gari

NilishawahiKuwekeza

Mimi niko upande wa pili wa hiyo meza ya dada na niseme tu ukweli, kilichoniondoa kwenye huu mchezo sio hasara, hasara nilijua inaweza kuja na niliweka hela ambayo hata ikipotea watoto watakula, kilichoniondoa ni uongo. Niliweka kwenye shoo ya prodyuza mmoja simtaji, mtu anaongea vizuri, suti kali, akatuambia kila wiki tutapata karatasi ya mauzo tukaipata wiki mbili za mwanzo halafu ikawa "mhasibu anasafiri", baadae "tusiangalie namba za wiki moja moja tuangalie mwelekeo", na kila ukipiga simu unaambiwa njoo uone ukumbi ulivyojaa. Nikaenda siku ya Alhamisi. Kweli umejaa. Nikakaa katikati ya safu nikamuuliza mama wa kulia kwangu tiketi umeipata kwa ngapi, akasema wamegawiwa ofisini kwao. Nikamuuliza kijana wa kushoto, kagawiwa chuoni. Nikageuka nyuma nikauliza wawili wengine. Katika watu watano mwenye tiketi ya kulipia nilikuwa mimi, tena mimi ndo mwenye shoo!!

Alikuja kufunga wiki saba baadae na katikati hapo alishakopa tena kwa watu wapya kwa masharti kwamba wao walipwe kwanza kabla yetu. Angefunga siku ile ile ningempa hela kwenye shoo yake inayofuata, wallahi. Kwahiyo mleta mada ukiwa prodyuza, jifunze kufunga.

MezaYaHesabu

Pole sana kaka. Kujaza viti vya bure wiki ya kwanza ili watu wakatangaze mtaani ni mbinu ya kawaida, hata mi nimeifanya. Kuwaonyesha wawekezaji wako watu wa bure kana kwamba ni wateja, huo ni wizi.

Ila kwenye kufunga nitabishana na wewe kidogo. Les Misérables ilivyofunguliwa ukumbi wa Barbican London Oktoba 1985 wahakiki waliiponda, na Mackintosh alikuwa na muda mfupi sana wa kuamua aihamishie Palace Theatre kwa hela yake na ya wenzake au aiache ifie pale. Angewasikiliza waandishi angefunga. Akapiga dirisha la tiketi, simu hazishikiki kwa watu wanaotaka kununua. Akahamisha. Hakuangalia magazeti na hakuangalia moyo wake, aliangalia tiketi za wiki zinazokuja ambazo zimeshalipiwa. Hiyo karatasi ndo inakwambia funga au subiri, na ndo hiyo hiyo kaka walikuficha.

Na wakati mwingine huna hata uamuzi. Broadway kuna kumbi 41 na nyingi ziko mikononi mwa makampuni matatu, mkataba wa ukumbi una kifungu kwamba mauzo yakishuka chini ya kiasi fulani, mara nyingi wiki mbili mfululizo, mwenye ukumbi anaruhusiwa kukutoa ampe mwingine anayesubiri. Kuna maprodyuza wamenunua tiketi zao wenyewe ili wasiguse huo mstari. Sishauri, nasema tu yapo.

KitiChaNyuma

Kwenye hilo la wahakiki kuna mzee mmoja namkubali, David Merrick, prodyuza wa Broadway. Shoo yake Subways Are for Sleeping wahakiki hawakuipenda, basi mwaka 1962 akatafuta kwenye kitabu cha simu watu saba wenye majina sawasawa na ya wale wahakiki saba wa New York, akawakaribisha, akaweka tangazo gazetini wanaisifia shoo kwa majina yao na picha zao. Herald Tribune waliichapa kwenye toleo moja kabla hawajastuka 😂😂 huyo ndo prodyuza

BarakaZaMaandishi

Mi ni mwandishi, nimeona kila mtu anapita juu ya kile kitu mleta mada kasema kwa sauti ndogo: "tumekubaliana kwa mdomo".

Mkuu hapo huna kitu. Niliwahi kukubaliana hivyo hivyo na prodyuza mmoja, mtu mwema tu, akahangaika na mchezo wangu karibu miaka miwili, kaulipia usomaji wa wazi, yaani waigizaji wanausoma mbele ya watu, kaleta waigizaji. Akatokea mwingine na karatasi na malipo kidogo ya mkononi, mi nina kodi ya nyumba, nikasaini. Sijivunii hata kidogo, yule wa kwanza mpaka leo hanisalimii na ana haki yake. Lakini kisheria hakuwa na pa kushika.

Unachohitaji ni haki ya muda, kwenye biashara wanaita opsheni. Unamlipa mwandishi kiasi, hata kiwe kidogo, na yeye hampi mtu mwingine kwa muda mliokubaliana, kwa kawaida mwaka na nafasi ya kuongeza kwa kulipa tena. Ndani ya huo muda lazima uwe umeufungua mbele ya watu wanaolipa, usipoweza haki zinarudi kwake na hela haidaiwi. Muandike mirabaha yake ni asilimia ngapi na inapanda kiasi gani mtaji ukisharudi, muandike nani ana sauti kwenye kumchagua mwongozaji. Na ujue kwenye tamthilia haiko kama filamu, Marekani mikataba ya Dramatists Guild, chama cha waandishi wa tamthilia, inamwacha mwandishi na hakimiliki yake na hubadilishi neno bila yeye kukubali. Na rafiki yako awe na wakili wake, sio wa kwako. Inauma mwanzoni, inaokoa urafiki.

Swali la mwisho, huo mchezo ni stori yake mwenyewe toka kichwani?

TaaYaKushoto

Shikamoni wote. Nimekaa kimya nasoma tu. Mama MezaYaHesabu ile hesabu nimeiandika kwenye ukuta wa chumba.

BarakaZaMaandishi nilisoma swali lako nikampigia simu rafiki yangu hapo hapo. Kumbe kaitoa kwenye riwaya aliyoisoma shule 🤦 anasema "ila nimebadilisha majina na mwisho". Mwenye riwaya yuko hai. Na yule mzee wa hela nilishamwambia ni kazi ya kubuni ya jamaa mwenyewe, na tena jana kanitumia ujumbe anauliza anitumie hela akaunti gani.

BarakaZaMaandishi

Nilijua. Kubadilisha majina na mwisho haisaidii kitu, ukichukua visa na wahusika wa mtu bila ruhusa huo mchezo hauonyeshwi kokote penye mwanasheria macho. Haki ya riwaya kwanza, kwa maandishi, toka kwa mwandishi au mchapishaji kutegemea nani kaishika, halafu ndo haki ya rafiki yako juu yake. Mwenye riwaya kuwa hai ni bahati, unamwandikia barua unakunywa nae kahawa. Ugumu ni pale amefariki na watoto sita hawaongei.

MezaYaHesabu

Na hela ya mzee USIIPOKEE. Leo mpigie umwambie umekosea, mchezo umetoka kwenye riwaya na haki bado hauna. Ataheshimu au ataondoka, vyote afadhali kuliko ajue mwenyewe baadae. Kuchukua hela ya mtu kwa ahadi ya faida ni jambo la sheria kila mahali, wakili kabla ya akaunti. New York kwa mfano hela ya mwekezaji inakaa pembeni kwenye akaunti maalum mpaka kiasi cha kuisimamisha shoo kitimie, isipokuwa mwenyewe kakubali kwa maandishi itumike mapema akijua shoo isiposimama imeenda. Ile inayotumika mwanzo kulipia opsheni, wakili na usomaji ndo yenye hatari kuliko zote, na anayeitoa anastahili kipande kikubwa zaidi cha faida kwa sababu hiyo.

Wakati unasubiri majibu ya mwenye riwaya nikupe kazi. Shoo uliyopo sasa hivi, Ijumaa hii hesabu vichwa toka kwenye kile chumba chako cha taa. Halafu nenda dirisha la tiketi uombe karatasi ya usiku ule uone waliolipa. Usiku mmoja tu. Utaanza kuiona shoo kwa macho mengine.

TaaYaKushoto

Mzee nimempigia. Kakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani simu imekata, halafu akasema "sawa, haki zikipatikana nipigie, na uje na hesabu ya kila wiki". Neno kwa neno "ya kila wiki", nikajiuliza na yeye yumo humu nini. Barua kwa mwenye riwaya imeenda jana.

Kuhusu kazi ya Ijumaa. Ukumbi wetu una viti 300. Prodyuza alipita nyuma ya jukwaa baada ya shoo anapiga watu mabega, "leo tumejaza". Nilihesabu mara mbili, mara ya pili wakati wa mapumziko, waliokaa ni 268. Karatasi ya dirisha nimeipata kwa kumbembeleza dada wa pale, waliolipa 151.

KitiChaNyuma

Mkuu kwenye hao 117 waliobaki mmoja nilikuwa mimi, nisamehe